Mwalimu Rosaline na Dawa ya Viti

Katika nyumba ya Mwalimu Rosaline Nasimiyu, pale Mabanga, hakuna kitu kilichokaa uchi. Makochi yalikuwa na vitambaa kwenye migongo, kwenye mikono na pale pa kukalia. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, chupa ya chai chake, na hata mtungi wa maji ya kunywa ulifunikwa kijitambaa chenye shanga pembeni. Vyote alivifuma mwenyewe kwa kroshia na uzi mweupe, jioni baada ya kusahihisha madaftari. Majirani walimtania kwamba mgeni akikaa kwake bila kusogea, atajikuta naye amefunikwa. Mwalimu alicheka nao, kisha akaendelea kufuma.

Alifundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na mbili. Alijulikana kwa mambo matatu: imla, kalamu nyekundu, na kukagua kucha kila Jumatatu asubuhi. Wanafunzi wake walitapakaa kila mahali, wengine ofisini Bungoma, wengine kiwandani Webuye, wengine hawajulikani walikokwenda, na wote walipokutana naye njiani walificha mikono mgongoni kwanza ndipo wakamwamkia.

Alipostaafu mwanzoni mwa mwaka 2006, watu walitegemea anunue ng'ombe wa maziwa wa gredi au mashine ya kusaga mahindi, kama wastaafu wengine. Yeye akasema atanunua gari dogo jeupe la kubeba maharusi. Wakamcheka. Hawakujua lile wazo limetoka wapi.

Lilitoka kwenye harusi yake mwenyewe. Mwaka 1975 alipelekwa kanisani juu ya trela ya trekta iliyokuwa imebeba miwa wiki nzima. Waliifagia, wakaweka kiti, wakamketisha na gauni lake jeupe. Aliposhuka, alikuwa na doa la grisi mgongoni, kubwa, na hakulijua. Alisimama mbele ya mchungaji saa nzima, mgongo umewaelekea watu wote wa kanisa, akidhani wanachoangalia ni uzuri wake. Mama mkwe aliliona. Siku ile hakusema kitu. Alisema kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata.

Kwa hiyo Rosaline aliapa moyoni, na hakumwambia mtu, kwamba siku moja atakuwa na gari ambalo bibi harusi ataingia mweupe na kutoka mweupe. Mume alikufa, watoto wakaoa na kuolewa, yeye bado alikuwa na hilo tu.

Gari alilipata Kitale, kwenye yadi moja kando ya barabara iliyopambwa bendera ndogondogo. Lilikuwa limetoka Japani, jeupe pe, na viti vyake vya reksini, ile ngozi ya bandia, vilikuwa rangi ya maziwa. Alikuwa bado anafungua na kufunga milango, akisikiliza inavyolia, aliposikia mtu akimwita kwa nyuma.

"Mwalimu! Ni wewe? Ai, si unanikumbuka? Levi. Dawati ya mbele kabisa."

Alimtazama. Shati jeupe limepigwa pasi, tai nyekundu, viatu vinang'aa. Alimtambua kwa macho.

"Levi. Wewe uliyekuwa unanakili hesabu za jirani."

Levi alicheka mpaka akashika mbavu, naye Rosaline akacheka. Moyo wake ulijaa. Kuna furaha ambayo mwalimu huipata mahali kama pale, kumkuta mtoto aliyemfundisha kusoma amekuwa mtu mwenye tai. Furaha hiyo ndiyo iliyomponza.

Walishapatana bei ya gari na kalamu ilikuwa mkononi, ndipo Levi akavuta kiti karibu.

"Sasa Mwalimu, gari umechagua poa sana. Lakini hii viti ni nyeupe, na wewe unataka kubeba bibi harusi. Vumbi ya kwetu unaijua. Iko dawa ya Japani tunapaka nje na ndani. Nje, mawe haiwezi kukwaruza rangi. Ndani, hata ukimwaga chai, inateleza tu inaanguka chini. Doa haishiki. Garantii miaka tano."

"Na vitambaa vyangu? Nimeshafuma vya viti vyote."

"Aa, vitambaa hapana, Mwalimu. Ukifunika, dawa haipumui. Na maji hapana, sabuni hapana, miezi sita ya kwanza. Unapangusa na kitambaa kavu tu. Ukifanya tofauti, garantii imekufa."

Mwanamke aliyefunika kila kitu chake maisha yake yote aliambiwa asifunike! Moyo ulimkataa palepale. Angekuwa ni mchuuzi asiyemjua, angesimama akaondoka. Lakini huyu alikuwa Levi wa dawati la mbele, na kumshuku mtoto aliyemfundisha mwenyewe ilikuwa ni kama kujishuku yeye.

"Levi, hebu niangalie. Hiyo dawa ni ya ukweli?"

"Mwalimu, mimi naweza kukudanganya wewe?"

Akatia sahihi. Shilingi elfu thelathini na tano juu ya bei ya gari, na juu ya hayo akaambiwa kwamba amepunguziwa kwa sababu ni mwalimu. Gari likapelekwa nyuma ya yadi. Chai aliyoletewa ilikuwa haijapoa, likarudishwa linang'aa mpaka macho yanauma, na ndani lilikuwa na harufu tamu ya ndizi mbivu. Alipewa cheti chenye mhuri wa dhahabu. Alipofika nyumbani alikitia kwenye fremu, akakitundika sebuleni, kando ya cheti chake cha ualimu.

Vile vitambaa vya gari, kumi na viwili, alivikunja na kuviweka sandukuni. Alivikunja polepole, na iliuma.

Miezi iliyofuata aliitii ile karatasi kuliko alivyowahi kumtii mkaguzi yeyote wa shule. Asubuhi alipangusa viti kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kilitoka na rangi ya kahawia, na viti vilibaki vinateleza kama vimepakwa samli. Akajiambia ni sawa, kwa maana Levi alisema dawa inafukuza vumbi. Mkono wake ulipoteleza kwenye usukani, akajiambia ni sawa. Jiwe la barabara ya Kitale liliporuka likachubua bonneti, akalitazama lile chubuko kwa muda mrefu, akajiambia pengine bila dawa lingekuwa kubwa zaidi. Mtu akishalipia uongo huanza kuusaidia mwenyewe.

Bibi harusi wa kwanza alikuwa mama wa makamo aliyevaa suti ya rangi ya damu ya mzee. Hakuna kilichoonekana. Wa pili alikuja na mama yake, na yule mama akatandika leso kwenye kiti kabla binti hajakaa. Mwalimu alitaka hata kumkataza, ati dawa ipumue. Akanyamaza kwa adabu tu.

Wa tatu alikuwa Ivy.

Ivy alikuwa binti wa Wakhungu, jirani yake wa miaka mingi, na alikuwa amepita darasa la nne kwa Mwalimu kama watoto wote wa pale. Alikuwa anaolewa Webuye, lakini harusi ilifanyika kanisani kwao. Gauni lilikodishwa Bungoma mjini, jeupe, lenye mkia mrefu. Mwalimu hakumtoza Wakhungu hata shilingi ya petroli. Na zawadi yake ilikuwa kitambaa cha meza kubwa, alichokifuma miezi mitatu, amekikunja ndani ya mkoba siku hiyo.

Kuna desturi ambayo mashangazi wa Ivy waliishika bila mzaha: bibi harusi akishavaa gauni haonekani tena na watu mpaka mlango wa kanisa ufunguliwe. Sasa basi la watu wa bwana harusi likaharibika njiani. Ivy akabaki kiti cha nyuma, vioo vimefungwa, gari limesimama juani kando ya kanisa, saa nzima na robo. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, siku ambayo mvua ilikataa kabisa. Mwalimu alisimama nje akiwa ameshika mwavuli juu ya kioo ili mtoto apate kivuli.

Basi likafika, nyimbo zikaanza, mlango ukafunguliwa. Ivy akashuka, akatangulia hatua tatu mbele ya watu wote.

Kwanza nyimbo zilipungua. Kisha zikakatika.

Mwalimu alikuwa nyuma yake, kwa hiyo aliona kabla hajaambiwa. Kutoka mabegani mpaka kiunoni, na tena pale pa kukalia, gauni lilikuwa na madoa ya kahawia yenye mafuta, rangi ileile ya udongo wa barabara yao. Yalikuwa mapana kuliko doa la trela ya miwa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amelikimbia doa lile, na sasa alikuwa amempaka mtoto wa mwenzake kwa mikono yake.

Hakusubiri. Alichomoa kile kitambaa cha meza mkobani, akakifungua, akamfunga nacho Ivy kuanzia mabegani, akabana kwa pini za nguo. Doa lilifichika. Lakini upande wa bwana harusi sauti ya mwanamke ilipaa, ya shangazi yao mmoja mwenye kilemba cha kijani.

"Hee! Bibi harusi wamemvalisha kochi!"

Walicheka. Kanisani waliendelea kucheka chinichini. Ivy alisimama mbele ya mchungaji na kitambaa cha meza mgongoni, na machozi yake watu walidhani ni ya furaha.

Kufikia Jumatano, maneno yalikuwa yamefika soko la Bungoma. Ati Mwalimu Rosaline, yule wa kukagua kucha za watoto, amebeba bibi harusi kwenye gari ambalo hata vumbi halijapanguswa. Ati ndani ya nyumba yake ni vitambaa vya kufichia uchafu. Wenye harusi mbili za Desemba walituma ujumbe kwamba wamepata gari lingine. Mwenye duka la magauni alitaka gauni lake lilipwe. Na kilichomchoma kuliko yote, Wakhungu alimwambia, akitazama chini, kwamba kule Webuye Ivy ameshapewa jina. Wanamwita Kochi. Akienda kisimani, Kochi. Akipika, Kochi ameivisha.

"Mimi sisemi ni wewe, Mwalimu," Wakhungu alisema. "Lakini watu wanasema hiyo gari haikupanguswa."

"Wakhungu, nimepangusa hiyo gari kila siku Mungu ameleta."

"Najua. Mimi najua."

Alisema anajua, lakini hakunywa chai aliyowekewa. Mwalimu alikitazama kile kikombe baada ya jirani kuondoka, na ndipo hasira ilipoanza kupanda. Mpaka saa ile alikuwa na aibu tu, na aibu ilikuwa imemfanya mjinga.

Alichukua karai la maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande, na kitambaa cheupe kabisa. Akaenda garini akasugua kiti kimoja, garantii ife ikitaka. Maji yakageuka tope, na juu ya tope kukaelea mafuta. Akanusa. Ilikuwa ileile harufu ya ndizi mbivu. Akasugua mara ya pili, mara ya tatu, na mara ya nne maji yakatoka safi. Akakikausha, akavaa blauzi yake nyeupe, akaketi juani nusu saa na mgongo umegandama. Akavua blauzi akaiangalia. Ilikuwa nyeupe. Akahamia kiti cha kando, ambacho hakukiosha, akaketi vilevile. Blauzi ikatoka na doa.

Akaingia ndani akakishusha kile cheti ukutani. Akavaa miwani akakisoma chote, na yale maandishi madogo ya nyuma ambayo fremu ilikuwa imeyaficha. Garantii haihusiki na doa la vumbi. Wala la jua. Wala la jasho, la maji, la mafuta, la chakula, wala la nguo. Mwenye yadi hatawajibika kwa uharibifu utokanao na dawa yenyewe.

"Sasa katika dunia hii limebaki doa gani?" aliuliza kwa sauti, peke yake sebuleni. "La mbalamwezi?"

Hasira yake haikuwa ya pesa. Pesa angeweza kuzililia akanyamaza. Kilichomtoa moshi ni kwamba walikuwa wamemkataza kitu pekee ambacho kingemwokoa. Kitambaa kimoja cha uzi mweupe cha bei ya pakiti mbili za unga, kikitandikwa pale, Ivy angeshuka safi. Hawakumuuzia kinga. Walimvua kinga aliyokuwa nayo, wakamlipisha. Na aliyemvua alikuwa mtoto aliyemfundisha kushika kalamu.

Jumatatu iliyofuata aliosha viti vya nyuma na kiti cha dereva, akavivalisha vitambaa vyake. Kiti cha mbele cha abiria hakukigusa. Akaendesha mpaka Kitale, kupitia Webuye na harufu yake ya kiwanda cha karatasi, bila kufungua redio.

Pale yadi, Levi alikuwa mezani na wateja wawili, mzee Nderitu, mkulima wa mahindi kutoka Kiminini, na mkewe, jina lake Wangu. Walikuwa wanachukua pikapu. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Nderitu, na mbele yao kilikaa cheti chenye mhuri wa dhahabu.

"Mwalimu! Karibu! Gari inasemaje?"

"Itasema yenyewe. Kwanza mwite mkubwa wako."

Mkubwa alikuja, bwana Mathenge mwenye yadi, mtu mnene mwenye suti ya kijivu hafifu, karibu nyeupe. Mwalimu hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, ile ambayo mtu wa kiti cha mwisho huisikia vizuri. Alieleza harusi, jua, gauni. Alieleza blauzi. Akaitoa mkobani akaitandaza mezani juu ya karatasi za Nderitu, na pembeni akaweka gauni la Ivy ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mama, tulia," Mathenge alisema. "Pengine wewe ndio hukutumia vizuri. Hiyo dawa tumeuzia watu wengi sana na hakuna amelalamika. Inategemea na vile mtu anatunza gari."

Kutunza! Mtu huyo alimwambia Rosaline Nasimiyu habari ya kutunza!

"Sawa," alisema. "Gari liko pale juani. Kiti cha mbele kiko vile mlivyokiacha, nimekipangusa kikavu kama mlivyoniandikia. Cheti chako kinasema hakiachi doa. Nenda ukae pale na hiyo suti yako, dakika ishirini. Ukitoka msafi, mimi nitaomba msamaha hapa mbele ya watu, na nitarudi nyumbani."

Mathenge alitazama gari. Akatazama mkono wa koti lake.

"Mimi niko na mkutano."

"Dakika kumi."

"Mama, nimekwambia niko na mkutano."

Nderitu aliweka kalamu chini. Mkewe, Wangu, ndiye aliyemwambia, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya viazi.

"Baba Wachira, hebu tungoje kidogo tuone. Si huyu bwana ndiye amesema dawa ni mzuri?"

Wateja wengine wawili waliokuwa wanazunguka magari walisogea. Mathenge alikuwa ameanza kutoka jasho. Mwalimu hakumwangalia tena. Alikuwa amemgeukia mwingine.

"Levi. Kakae."

Na Levi, mtu mzima mwenye tai, mwenye mke na watoto wawili, akaenda. Pengine hata yeye hakujua ni kwa nini miguu ilimtii. Alifungua mlango, akaketi, akafunga. Mwalimu alisimama kando ya kioo, saa yake mbele ya macho, kama alivyosimama siku za mtihani. Hakumshikia mwavuli. Dakika ya kumi Levi alipapasa tai yake, dakika ya kumi na tano alifumba macho. Nje hakuna aliyeondoka, hata yule mwenye mkutano.

"Shuka. Geuka."

Akashuka, akageuka. Shati lilikuwa limegandama mgongoni, na kutoka mabegani mpaka mkandani kulikuwa na ramani ya kahawia yenye mafuta. Wangu alisema "Uuuwi!" akafunika mdomo.

"Hii ni nini, Levi?" Mwalimu aliuliza. "Usinitajie Japani."

Levi alizungumza akitazama viatu vyake.

"Ni polishi tu, Mwalimu. Ile ya kupaka dashibodi ing'ae. Inakuja na mtungi kutoka Nairobi. Tunapaka na sponji, dakika kumi inaisha. Ya nje ni nta ya kawaida."

"Na ile ya kufunika? Dawa kupumua?"

"Ukifunika, kitambaa inafyonza mafuta. Ungeona haraka ungerudi."

Nderitu aliivuta karatasi yake, akachora mstari mrefu juu ya neno dawa, akamsukumia Mathenge. "Hiyo toa. Na mimi pikapu yangu nitaangalia tena kama ni yenyewe." Wale wateja wawili walikuwa wameshaanza kuelekea langoni. Mathenge alipoona hivyo aliingia ofisini mbio, akarudi na bahasha, akampa Mwalimu elfu zake thelathini na tano, akimwomba kwa sauti ya chini waimalize pale pale kama watu wazima.

Mwalimu aliitia bahasha mkobani. Zilikuwa pesa za kulipia gauni.

"Hiyo ni yako na mimi," alisema. "Iko nyingine ambayo hamwezi kuweka kwa bahasha. Levi, ingia garini. Kiti kilekile."

"Mwalimu, tunaenda wapi? Niko kazini."

"Ukienda usirudi!" Mathenge alifoka.

Levi alimwangalia mkubwa wake, aliyekataa kukaa. Kisha akamwangalia mwalimu wake.

"Acha nibadilishe shati basi."

"Hilo shati ndilo ninalolihitaji."

Njiani, walipokaribia Webuye, Levi alisema, "Mwalimu, nisamehe." Akajibiwa kwamba si yeye wa kuombwa msamaha kwanza.

Pale kwa wakwe wa Ivy, wanawake walikuwa uani wakipukuchua mahindi, na katikati yao alikaa yule shangazi mwenye kilemba cha kijani. Alipoliona gari jeupe likiingia, alicheka kabla halijasimama.

"Kochi! Wee Kochi! Njoo, gari ya Mwalimu imekuja!"

Ivy alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa amekonda kwa wiki moja tu. Alipomwona Mwalimu, alificha mikono mgongoni, kama walivyofanya wote, na machozi yakamlengalenga.

Mwalimu Rosaline aliwasalimu wakubwa kwanza, mmoja mmoja, kwa mkono, kama inavyotakiwa. Kisha akamwambia Levi ashuke.

"Huyu ndiye aliyepaka viti vya gari langu," alisema. "Ametoka kukaa kiti cha mbele sasa hivi, na asubuhi nimekipangusa. Levi, geuka waone."

Levi akageuka. Shangazi aliinuka, akasogea, akagusa lile doa kwa kidole, akakinusa kidole chake, akalitazama gari, akamtazama Ivy. Cheko lilikuwa limemtoka usoni, na halikurudi.

"Sema," Mwalimu akamwambia Levi.

"Ni mimi," Levi alisema, akiwa amewapa mgongo. "Nilipaka mafuta nikasema ni dawa. Mwalimu alikuwa na vitambaa, mimi ndio nilimkataza. Bibi harusi hana makosa, na gari ilikuwa inapanguswa."

Shangazi alirudi kwenye mahindi yake akaketi. Akapukuchua hindi moja, kisha akasema, bila kuinua uso, "Ivy, mgeni wako amesimama."

Ndilo lililokuwa jina la mtoto yule, na lilikuwa halijatajwa katika ua ule tangu siku ya harusi. Ivy aliingia ndani akatoka na kiti, na begani alikuwa na kile kitambaa cha meza, kimefuliwa na kupigwa pasi. Akakikunja mara mbili, akakitandika juu ya kiti, akanyoosha pembe zote nne kwa viganja.

"Karibu ukae, Mwalimu," alisema.

Mwalimu akaketi. Chai ikaletwa, naye akainywa yote. Levi alibaki amesimama palepale juani, mgongo umewaelekea, na hakuna aliyemwambia ageuke wala aliyemletea kiti.